Kisu Kipya Kisichokunjika cha Mtindo wa Kijeshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki wa Nairobi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyepata kisu chake cha kwanza kisichokunjika cha mtindo wa kijeshi, anayeishi Nairobi au viungani mwake, na ambaye bado anakigeuzageuza mkononi akijiuliza kama amepata chombo cha kazi au pambo la kutisha. Yametokana na kisu nilichokipata hivi karibuni, chenye bapa la takriban sentimita 12 la chuma cha D2, mpini wa G10 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) na ala ya plastiki ngumu ya Kydex, lakini mengi yanahusu visu vyote vya jamii hiyo. Msimamo wangu ni mmoja: kisu cha namna hii hupimwa kwa mpini wake, kwa jinsi chuma chake kilivyopikwa na kwa ala yake, wala hakipimwi kwa sura, na mahali pake mjini ni kabatini au ndani kabisa ya mkoba wa safari, si kiunoni.

Kisu kisichokunjika kinakishinda kile cha kukunja kwa lipi?

Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ndicho sehemu yake dhaifu, kwa kuwa huingia vumbi na mafuta ya nyama, hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na kufuli yake yaweza kuachia wakati kidole kiko njiani. Kisu kisichokunjika hakina sehemu inayocheza. Bapa na msuka, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini, ni kipande kimoja cha chuma, na katika visu vingi vya siku hizi msuka huo huenda hadi mwisho wa mpini ukiwa na upana uleule wa mpini, kiasi kwamba ukitazama ukingo unaona chuma kikipita katikati ya vipande viwili vya kushikia. Kasoro yake ni moja tu: hakiingii mfukoni, kwa hiyo kinahitaji ala, na ala ina mambo yake ambayo nitayaeleza mbele.

Nikikitoa kwenye boksi, nitazame nini kwanza?

Futa kwanza mafuta ya kiwandani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta hayo huficha mikwaruzo na huifanya rangi ionekane nzuri kuliko ilivyo. Kisha simama karibu na dirisha, shika kisu makali yakiwa yametazama juu, na uyaelekeze kwenye mwanga. Makali yaliyonolewa sawasawa hayaonekani. Ni mstari usiorudisha mwanga wowote. Mahali popote panapong'aa kama kinukta au kiuzi cheupe pamekuwa butu, au pamejikunja, au hapakunolewa kabisa. Kwenye kisu changu palikuwa na kiuzi kifupi cheupe karibu na ncha, mahali ambapo fundi wa kiwandani huinua mkono anapomaliza kunoa, na hili ni jambo la kawaida sana katika visu vinavyonolewa kwa mashine kwa haraka.

Baada ya hapo kitazame kuanzia ncha kuelekea mpini, kwa usawa wa jicho, uone kama bapa limenyooka na kama pande mbili za mteremko wa makali zina upana mmoja. Tofauti ndogo haina madhara, ila bapa lililopinda ni sababu ya kukirudisha mara moja. Pitisha ukucha kwenye mshono kati ya msuka na vipande vya mpini. Ukikwama, kuna pengo, na pengo ni makazi ya maji na damu ya nyama. Mwisho, kaza skrubu zote kwa mkono mwepesi na utikise kisu karibu na sikio. Kisu kizima hakitoi sauti.

Fanya ukaguzi huu kabla ya kukata chochote, kwa kuwa muuzaji anaweza kukataa kupokea bidhaa ambayo imekwisha kutumika.

Mbona ni kizito hivi, na je, uzito ni dalili ya ubora?

Uzito hauthibitishi ubora. Visu vingi vya mtindo huu vina mgongo wenye unene wa milimita 4 hadi 5, wakati kisu cha kawaida cha jikoni kina milimita 2 au pungufu, na unene huo ndio unaousikia mkononi. Kinachostahili kupimwa ni mizani. Weka kisu juu ya kidole cha shahada, pale mpini unapokutana na bapa. Kikitulia hapo au nyuma yake kidogo, mkono hautachoka upesi katika kazi ndogondogo. Kikianguka upande wa bapa, kimeundwa kwa ajili ya kutema, na kwa kutema sisi tuna panga.

Chuma kimeandikwa D2, na kisu cha rafiki yangu kimeandikwa 1095. Tofauti ni nini?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulipita juu juu, na ndilo linaloamua maisha yako na kisu hicho yatakuwaje. Chuma cha visu ni chuma kilichochanganywa na kaboni, na kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu. Chuma cha 1095 kina takriban asilimia 0.95 ya kaboni na hakina kromu ya kutajika, kwa hiyo hunoleka kwa urahisi na hupata makali mazuri, lakini hushika kutu usiku mmoja kikiachwa na unyevu. D2 ina takriban asilimia 1.5 ya kaboni na asilimia 12 ya kromu. Hukaa na makali muda mrefu sana, ila ni ngumu kunoa. Kwa upande mwingine kuna 420HC, yenye karibu asilimia 0.45 ya kaboni na asilimia 13 ya kromu, ambayo huhimili maji vizuri na hunoleka bila shida, ingawa makali yake hupungua mapema.

Mtu atauliza kwa nini D2 inashika kutu ilhali ina kromu nyingi hivyo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kromu hiyo imeshikana na kaboni na kufanya chembe ngumu sana ndani ya chuma. Chembe hizo ndizo zinazohifadhi makali, lakini kromu iliyofungwa humo haiwezi tena kulinda uso wa chuma dhidi ya hewa na maji. Tangu Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipotengeneza chuma chake kisichoshika kutu mwaka 1913, watengenezaji wa visu wamekuwa wakivuta kamba kati ya mambo haya mawili, ugumu na kuhimili kutu, na hakuna chuma kilichopata yote bila kupoteza kitu, hata kama ni bei peke yake.

Hata hivyo, jina la chuma ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna kilivyopikwa: kimechomwa hadi joto gani, kimezimwa katika nini, kisha kimepashwa tena moto wa kiasi gani ili kisiwe na ugumu wa kuvunjika. Ugumu huo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vya kazi vingi huwa kati ya 56 na 60. Visu viwili vya D2 vilivyopikwa na viwanda viwili tofauti vinaweza kutofautiana kuliko D2 na 1095 zilizopikwa vizuri. Ndiyo maana muuzaji anayetaja ugumu wa chuma, na si jina lake pekee, anastahili kusikilizwa zaidi.

Je, kinapaswa kuja kikiwa kikali tangu mwanzo?

Ndiyo, kikali cha kutosha kukata karatasi. Chukua ukurasa wa Taifa Leo, ushike kwa juu uning'inie, kisha upitishe kisu kutoka ukingoni kwa uzito wake chenyewe. Karatasi ya gazeti ni laini na hufichua kila kasoro: makali mazuri huikata kwa mlio mwembamba usiokatika, na penye ubutu utasikia mkwaruzo na kuona karatasi ikichanika kwa nyuzinyuzi. Kunyoa nywele za mkono ni kipimo cha watu wengi, nami sikipendekezi, kwa kuwa kinapima inchi moja ya makali na kuhatarisha ngozi bila sababu.

Kinafaa kutumika jikoni?

Kwa nyama, ndiyo. Kwa mboga, kwa shida. Nilikijaribu kwenye nduma iliyochemshwa, viazi, nyanya na sukuma wiki. Nyanya ilikatika vizuri kwa sababu ni laini na makali yalikuwa mapya. Kiazi kibichi kilifunguka kwa mlio wa kupasuka kabla makali hayajafika chini, maana bapa nene hutanua linapoingia na kukipasua kitu kigumu badala ya kukikata. Sukuma wiki, ambayo huhitaji kukatwa nyembamba kama uzi, ilitoka vipande vinene ambavyo mama yeyote wa kibanda angevikataa.

Kwenye mbuzi choma hali ilikuwa nyingine kabisa. Mgongo mnene unakuwezesha kukandamiza kwa kidole gumba bila kuumia, ncha huingia kwenye kiungo cha mfupa na kukitenganisha bila kutafuta, na kisu hakipindi. Angalia tu kwamba rangi ya bapa ni ile iliyoshikana na chuma barabara, wala si rangi ya kupulizwa inayobanduka, kwa sababu usingependa vipande vyake kwenye chakula.

Mpini wa G10 unakwaruza kiganja. Nifanyeje?

G10 ni vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyogandishwa kwa gundi ya epoksi, na ukwaruzaji huo umekusudiwa ili mkono usiteleze ukiwa na maji, jasho au mafuta. Katika dakika za mwanzo unaonekana ni kero, lakini ukikata kamba ya manila kwa mikono yenye majimaji utaelewa faida yake. Wengi huzoea. Ikiwa malengelenge yanatokea mahali palepale kila mara, unaweza kulainisha pembe kwa msasa mwembamba, mradi uloweshe msasa kwa maji na kuvaa barakoa, kwa sababu vumbi la nyuzi za kioo lina madhara kwa mapafu. Mpini wa mikata (Micarta), ambao hutengenezwa kwa vitambaa vya pamba au kitani ndani ya gundi, ni laini zaidi mkononi na hushikika vizuri hata ukilowa. Kama ningenunua tena kwa ajili ya kazi za shamba peke yake, ningeutazama huo.

Ukubwa wa mpini ni jambo la uzito kuliko aina yake. Vidole vinne vinapaswa kuenea bila kubanana, na kidole cha shahada kisikae juu ya makali hata kidogo.

Ala inabana sana hata kisu kinatoka kwa nguvu. Ni kasoro?

Mara nyingi si kasoro, bali ni ala mpya. Kydex hupashwa moto ikalainika, ikakandamizwa juu ya kisu chenyewe, ikapoa na kubaki na umbo lake, na ndiyo sababu kisu kikiingia husikika mlio wa kufunga. Kuna namna salama ya kukitoa: shika ala kwa vidole vinne, weka kidole gumba cha mkono huohuo kwenye kikingio cha mpini, na ukisukume kisu juu kwa gumba mpaka kiachie, ndipo mkono wa pili ukivute taratibu. Anayekivuta kwa nguvu moja hupoteza udhibiti pale kinapoachia ghafla, na hapo ndipo watu hujikata mkono ulioshika ala. Kadhalika, usishike ala upande ambao makali yamelala.

Ikiwa baada ya kukitoa na kukirudisha kwa siku kadhaa bado kinang'ang'ania, fundi mwenye mashine ya hewa ya moto anaweza kulainisha kidogo sehemu inayobana, akaitanua kwa kiasi na kuiacha ipoe kisu kikiwa ndani. Isiwe mdomo wote, kwa maana ala iliyolegea ni hatari kuliko ala inayobana. Kipimo ni hiki: geuza ala iliyo na kisu chini juu, uitikise, kisu kisianguke.

Kuna kero moja ambayo haina dawa kamili. Mchanga huingia ndani ya Kydex na kukwaruza bapa kila kisu kinapopita, na baada ya matembezi ya Longonot, penye vumbi jingi jepesi la volkano, nimekuta mistari ya kijivu pande zote mbili juu ya rangi nyeusi. Suuza ala kwa maji mengi, uikung'ute na kuiacha ikauke mdomo ukiwa chini. Ala ya ngozi haikwaruzi hivyo, lakini hunyonya unyevu na kuukumbatisha na chuma, kwa hiyo kisu kisilazwe ndani yake kwa majuma mengi.

Kwa nini nisinunue sime au panga tu?

Kama kazi yako ni kufyeka, nunua panga na usiongeze neno. Sime nayo ni chombo cha heshima na chenye historia ndefu hapa kwetu. Wamaasai wamekuwa na wahunzi wao, Ilkunono, tangu zamani, na umbo la sime linalopanuka kuelekea nchani limebuniwa kwa akili, kwa kuwa huuweka uzito pale pigo linapotua. Kwa kazi ya karibu, kama kuchonga kigingi cha hema, kuchuna ngozi au kukata kamba iliyokazwa, umbo hilohilo hukuelemea.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba wanaweza pia kukutengenezea kisu kizuri kutokana na springi za gari, ambazo ni chuma imara kisichovunjika kwa urahisi. Nimeona kazi zao na ninaziheshimu. Muulize fundi anakizima kisu katika mafuta au katika maji, na kama anakirudisha kwenye moto mdogo baada ya kukizima. Fundi anayejibu maswali hayo bila kusita atakupa chombo cha kudumu, na kwa bei ambayo kisu cha kuagizwa kutoka ng'ambo hakiwezi kuikaribia, ukizingatia ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 unayolipa juu ya gharama na usafirishaji.

Kisu changu kinafanana na vile vya makomando. Vina uhusiano wowote?

Uhusiano wa sura upo, na ni vyema kujua unatoka wapi. Kisu cha Fairbairn-Sykes, kilichoanza kutengenezwa na Wilkinson Sword mwaka 1941 kwa ajili ya makomando wa Uingereza, kilibuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes, waliokuwa wamefanya kazi ya polisi Shanghai. Ni jambia jembamba lenye makali pande mbili, lililokusudiwa kumdunga adui, na ncha yake hukatika haraka ukilitumia kufungulia kopo au kubandua kitu. KA-BAR, ambayo Jeshi la Marine (wanamaji wanaopigana nchi kavu) la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1942, ilifuata njia nyingine: bapa la inchi 7, makali upande mmoja, mpini wa visahani vya ngozi vilivyopangwa na kukandamizwa, na askari waliitumia kufungulia makopo, kuchimbia na kukatia waya na matawi kuliko kitu kingine chochote.

Visu vya leo vyenye kufaa ni watoto wa KA-BAR. Ukiona kisu chenye makali pande mbili, meno makubwa mgongoni na matundu ya mapambo kwenye bapa, umeona kitu kilichobuniwa kwa ajili ya picha. Na kwa ulinganisho wa haki, Garberg ya Morakniv kutoka Sweden, iliyotoka mwaka 2016, ina mgongo wa milimita 3.2 tu na sura ya kawaida kabisa, nayo inafanya karibu kila kazi ya kambini vizuri kuliko kisu changu chenye sura kali.

Sheria ya Kenya inasemaje kuhusu kumiliki na kubeba kisu kama hiki?

Haya si mashauri ya wakili, lakini kila mmiliki anapaswa kuvijua vifungu vitatu. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamtia hatiani mtu anayebeba silaha ya kudhuru bila sababu ya msingi katika mazingira yanayoonyesha kwamba inakusudiwa kuvuruga utulivu wa umma. Kifungu cha 308 cha Kanuni hiyohiyo ni kizito zaidi: mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa la jinai anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka 7 na usiozidi 15. Nayo Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inapiga marufuku kuwa na silaha ya kudhuru katika mikutano na maandamano ya hadhara.

Utaona kwamba kinachotazamwa hasa ni mazingira na nia. Kisu kilekile kilichofungwa ndani ya mkoba pamoja na hema, sufuria na kamba asubuhi ya Jumamosi kina maelezo yake. Kikiwa kiunoni chini ya koti saa nne usiku katika barabara ya Tom Mboya, hakina maelezo ambayo afisa wa polisi analazimika kuyakubali. Tena visu vya mtindo wa kijeshi vina mzigo wa ziada wa sura yao, kwa maana hakuna anayekiona kisu cheusi chenye kikingio akafikiria kumenya machungwa. Katika siku za maandamano mjini, kiache nyumbani hata kama safari yako ni ya kambi kweli, au iahirishe.

Nikisafiri nacho, nikibebe vipi?

Kifunge ndani ya ala, ukifunge ala kwa kamba au mkanda, ukiweke katikati ya mkoba chini ya nguo, mahali ambapo hutakifikia bila kupakua. Kwenye ndege, iwe ni Jomo Kenyatta au Wilson, kisu kiende katika mzigo unaokabidhiwa, kamwe kisiende nawe ndani ya ndege. Katika kituo cha reli cha Syokimau mizigo hukaguliwa kwa mbwa na mashine, na kisu kitakuzuia. Wasiliana na wahusika kabla, au safiri bila kisu. Milango ya maduka makubwa jijini ina walinzi wenye vipima chuma, na ukaguzi huo ulikazwa sana baada ya shambulio la Westgate la mwaka 2013. Usimwombe mlinzi akuwekee kisu. Usiende nacho.

Ukiwa na gari lako, kiwe kwenye buti pamoja na vifaa vingine vya safari, si chini ya kiti cha dereva.

Je, kitanisaidia kujilinda dhidi ya wezi?

Hapana, nami nasema hivi kwa dhati kabisa. Mtu anayetoa kisu mbele ya mnyang'anyi hugeuza wizi wa simu kuwa pambano la roho, na mara nyingi wanyang'anyi si mmoja. Simu hununuliwa nyingine. Ukinunua kisu kwa sababu hii, umenunua matatizo ya mwilini na ya mahakamani kwa pamoja.

Nimeona watu wakichania kuni kwa kukigonga kisu mgongoni. Ni salama?

Kisu chenye msuka mzima kinahimili, ikiwa utachagua kuni ambayo unene wake hauzidi theluthi mbili za urefu wa bapa, iliyonyooka na isiyo na fundo. Weka makali juu ya kichwa cha kuni, gonga mgongo kwa kipande cha mti, kamwe si kwa jiwe au nyundo, na ncha inapobaki nje upande wa pili, endelea kuigonga huku mkono wa kwanza umeushika mpini bila kuukandamiza. Kuni za saiprasi huchanika kwa urahisi wa kufurahisha. Mkaratusi uliokauka una nyuzi zilizosokotana, na humo kisu hukwama. Kikikwama, geuza kuni na kisu pamoja uvigonge chini, usikitikise kushoto na kulia, maana ndivyo makali yanavyopata meno, hasa ya D2, ambayo haipendi kupindwa.

Kuni ziwe zilizoanguka au za kununua. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kukata mti katika msitu wa umma bila kibali, na kisu kipya kisiwe kisingizio cha kujaribia miche ya watu.

Nitakinoa vipi, na baada ya muda gani?

Kinoe pindi kinapoanza kuteleza juu ya ganda la nyanya, usingoje kiwe butu. D2 iliyokufa kabisa itakula jioni yako nzima juu ya kinoo cha kawaida. Kinachofaa ni bamba la almasi la chembe 400 kwa kurudisha umbo na la 1000 kwa kumalizia. Kinoo cha mchanga kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kinaweza kazi ya panga, lakini huliwa na chuma hiki kabla hakijakinoa. Mwinamo wa nyuzi 20 kila upande unatosha. Ili usibahatishe, paka makali rangi ya kalamu nzito nyeusi, pitisha kisu mara chache juu ya kinoo na utazame rangi imeondoka wapi: ikiondoka juu tu, umekilaza mno, ikiondoka ukingoni peke yake, umekiinua mno.

Endelea upande mmoja mpaka usikie kwa kidole, ukikivuta kutoka mgongoni kwenda nje, kijiukingo cha chuma kilichojikunja upande wa pili. Hicho ndicho uthibitisho kwamba umefika kwenye makali. Kisha geuza. Malizia kwa kukivuta kinyumenyume juu ya mkanda wa zamani wa ngozi uliotandazwa kwenye ubao.

Usikipeleke kwa fundi anayenoa kwa jiwe la umeme linalotoa cheche. Joto la msuguano huo huharibu upishi wa chuma kwenye ukingo mwembamba, na makali hayo hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo iliwe yote.

Hali ya hewa ya Nairobi itakishikisha kutu?

Kwa kiasi kidogo. Jiji liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya kusamehe ukilinganisha na Mombasa au Lamu, ambako chumvi hula chuma hata kikiwa ndani ya nyumba. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kuangalia. Rangi nyeusi ya bapa hulinda mahali ilipo, lakini makali yenyewe hayana rangi, na hapo ndipo vidoadoa vya kahawia huanzia, hasa baada ya ndimu, nyanya au damu. Osha, kausha, paka tone la mafuta. Kama kisu hugusa chakula, tumia mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa katika duka la dawa; mafuta ya kupikia hugeuka gundi.

Na watoto nyumbani?

Kabati lenye kufuli, na ufunguo usikae mlangoni. Wapo wasemao kwamba mtoto akililia wembe apewe, lakini kisu hiki hakikati kidogo cha kumfunza.

Skrubu za mpini zimelegea baada ya kazi. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Vitetemo vya kuchania kuni hulegeza skrubu za kisu chochote. Zifungue moja baada ya nyingine, futa nyuzi zake kwa spiriti, tia tone dogo la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya rangi ya buluu ambayo hufunguka tena kwa bisibisi, kisha uzikaze kwa mkono bila kutumia nguvu za ziada. Wakati vipande vya mpini vimetoka, tazama msuka uliokuwa umefichwa chini yake, kwa kuwa huko ndiko kutu hujificha. Kama kutu ipo, isugue, upake msuka mafuta mepesi, ufute yaliyozidi, na urudishe vipande vyako baada ya pande zote kukauka.